Bahari ya Machi 1998: namna ya kuijenga upya kwa modeli na vipimo

Mwaka 1998, kaskazi ilipokuwa ikiishia, matumbawe ya mwambao wetu yalipauka. Tangu Kenya hadi Msumbiji, na visiwani Shelisheli na Maldivi, miamba iligeuka mieupe, na sehemu nyingi matumbawe yakafa. Kwamba maji yalikuwa ya moto, hilo halina ubishi. Lakini yalikuwa ya moto kiasi gani nje ya Jambiani, au Mnemba, au Mafia? Kwa wiki ngapi? Na joto lile lilishuka mpaka kina gani? Mwaka ule vipimajoto vya kukaa mwambani vilikuwa vya kuhesabu, na hakuna awezaye kurudi nyuma kwenda kuvitega.

Kinachowezekana ni kuijenga upya bahari ile. Nahodha wa jahazi aliyesafiri usiku alijua kazi hii kabla ya kompyuta. Alikisia alipo kwa mwendo wa chombo, upepo na mkondo, kisha akatia bildi, ile kamba yenye risasi ya kupimia kina. Kina na mchanga uliong'ang'ania kwenye risasi vikimwambia tofauti na makisio yake, alisogeza makisio, lakini hakuyatupa yote, kwa sababu bildi nayo huweza kuangukia shimo. Modeli ya bahari ni yale makisio: programu inayokokotoa mikondo, joto na chumvi kwa kanuni za fizikia, kila mahali na kila siku, huku ikipotea njia kidogo kidogo. Kipimo ni bildi: kina ukweli, ila wa nukta moja tu. Kazi yetu ni kuvioanisha.

Kwa bahari nzima ya dunia, vituo vikubwa vimeshafanya kazi hiyo, na matokeo yake nitayaita uchambuzi-rejea. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuuchukua uchambuzi-rejea huo, auoanishe na vipimo vyake mwenyewe, na apate historia ya mahali padogo anapopajua. Unahitaji kompyuta ya kawaida, Python yenye maktaba za xarray na pandas, intaneti ya saa chache, na vipimo vya joto la maji vya misimu mitatu ya kaskazi au zaidi. Msimu mmoja kati ya hiyo hutaugusa mpaka karibu na mwisho. Sababu utaiona.

Hatua ya 1: Lipunguze swali mpaka liweze kujibika

"Bahari ilikuwaje mwaka 1998" si swali la kufanyia kazi. Andika mahali, kina, muda na kipimo unachotaka. Langu lilikuwa hili: joto la maji kati ya uso na mita 20, nje ya mwamba wa mashariki mwa Unguja, kuanzia Januari hadi Juni 1998, kwa wastani wa wiki.

Nimetaja mashariki kwa makusudi. Uchambuzi-rejea mzuri tulio nao una visanduku vya takriban kilomita 9 kila upande. Mlango-bahari wa Zanzibar, kati ya Unguja na bara, una upana wa kilomita 40 hivi, kwa hiyo unaingia visanduku vinne tu, na kina chake ni makumi machache ya mita. Modeli ya dunia haiwezi kuiona vizuri bahari nyembamba namna hiyo. Upande wa mashariki kilindi kinaanza karibu na mwamba, na maji yanayopita pale ni ya Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki, unaokwenda kaskazini mwaka mzima, ukipata nguvu wakati wa kusi na kulegea wakati wa kaskazi. Huko modeli ina la kusema. Mlango-bahari wa Pemba nao una kina cha mamia ya mita na ni mpana zaidi, unaweza kujaribiwa. Swali lako likiwa la ghuba ndogo au la ndani ya mwamba, soma hatua ya 6 kabla hujapakua chochote.

Hatua ya 2: Safisha vipimo vyako, na anza na saa

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, nami nakuomba utumie muda mwingi hapa kuliko kwenye hatua nyingine yoyote.

Mara ya kwanza nilipoingiza daftari la vipimo vya mkono, nilikuta maji ya asubuhi yana joto kuliko ya alasiri. Nikashuku kipimajoto, nikashuku hata mkondo. Nilikaa siku mbili nikichora grafu. Kosa lilikuwa kwenye safu ya saa. Mwandishi wa daftari aliandika "saa 9" kama tunavyosema sote, yaani saa tisa alasiri, na aliyeingiza data kwenye kompyuta akaandika 09:00. Kwa saa ya kompyuta ilipaswa kuwa 15:00, na kwa saa ya dunia, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu, ni 12:00. Ukurasa wa pili wa daftari lile lile uliandikwa na mtu mwingine, aliyetumia saa za kizungu. Hesabu yoyote ya kitaalamu ambayo ningeifanya juu ya data ile ingekuwa upotevu mtupu.

Kwa hiyo fanya hivi. Kila daftari, muulize aliyeandika, au angalia alama: kama kuna "asubuhi", "mchana", "jioni", basi ni saa zetu, na unaongeza 6 kwa saa za mchana. Badilisha kila kitu kiwe saa ya dunia kabla ya jambo jingine lolote. Kisha pima kwa macho: chora wastani wa joto kwa kila saa ya siku. Maji ya juu hupata joto zaidi alasiri na hupoa kabla ya alfajiri. Ukiona kinyume, usiendelee.

Baada ya saa, angalia chombo chenyewe. Vipimajoto vidogo vya kujirekodi, ambavyo wengi wetu tunaviita loga, vingi vina usahihi wa nyuzi 0.2 hivi za Selsiasi vikiwa vipya. Lakini hukaa mwambani mwaka mzima, vikavaa mwani na chaza mpaka huvitambui. Ukiitoa loga, ikwangue, kisha uitumbukize kwenye chupa ya chai iliyojaa barafu iliyopondwapondwa na maji baridi kidogo, vyote vya maji matamu. Koroga, subiri nusu saa. Inapaswa kusoma sifuri. Ikisoma 0.3, umeshajua kosa lake la kudumu, angalau upande wa baridi. Fanya hivyo kabla ya kuitega na baada ya kuitoa, na uandike namba zote mbili.

Angalia pia loga ilikuwa wapi. Ikitegwa kwenye maji mafupi pasipo kivuli, jua huipiga moja kwa moja na utapima jua badala ya maji. Siku za bamvua, maji yanapokupwa kabla ya adhuhuri, sehemu za ndani ya mwamba hubaki vidimbwi vilivyotengana na bahari, na joto lake hupanda ajabu. Vipimo hivyo si vibaya, ni vya kweli kabisa, lakini vinasimulia kidimbwi. Kwa swali la bahari ya nje, tumia loga zilizo mteremkoni nje ya mwamba, mita 5 hadi 20.

Mwisho, tupa vipande vya mwanzo na mwisho wa kila faili, pale loga ilipokuwa mfukoni mwa mzamiaji au juani kwenye ngalawa.

Hatua ya 3: Chagua uchambuzi-rejea kwa kuujua ulivyolishwa

Kwa kazi ya pwani yetu naanza na GLORYS12, unaotengenezwa na Mercator Ocean ya Ufaransa kwa ajili ya Copernicus, huduma ya bahari ya Umoja wa Ulaya. Visanduku vyake ni sehemu ya kumi na mbili ya nyuzi moja ya ramani (zile kilomita 9), una matabaka 50 tangu nusu mita chini ya uso hadi kilindini, na unaanza mwaka 1993. Modeli yake ni NEMO, na kila baada ya muda inasogezwa kuelekea vipimo kwa mbinu iliyotokana na kazi ya Rudolf Kalman ya mwaka 1960. Wa pili ni ORAS5 wa ECMWF, kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa. Visanduku vyake ni vikubwa, robo ya nyuzi, na unapatikana kwa wastani wa mwezi, lakini una jambo la thamani sana: umekokotolewa mara tano kwa tofauti ndogo ndogo, kwa hiyo zile nakala tano zinapoachana unaona wazi mahali ambapo shaka ni kubwa.

Kuchagua jina si kazi. Kazi ni kujua mwaka unaouhitaji ulilishwa vipimo gani. Mwaka 1998 setilaiti za kupima kimo cha bahari zilikuwa angani; TOPEX/Poseidon ilirushwa Agosti 1992. Setilaiti za joto la uso zilikuwapo tangu miaka ya 1980. Lakini maboya ya Argo, yale yanayozama mpaka mita 2,000 na kuibuka kila siku kumi hivi kupeleka joto na chumvi, yalianza kutupwa baharini mwaka 1999, na yalifika 3,000 mwaka 2007. Maboya yaliyotiwa nanga ya mtandao wa RAMA katika Bahari ya Hindi yalianza mwaka 2004. Maana yake ni kwamba kwa Machi 1998 uso wa bahari katika uchambuzi-rejea umeshikwa na ushahidi wa kutosha, na maji ya mita 100 chini yake yameshikwa hasa na modeli yenyewe, kimo cha bahari, na vipimo vichache vya meli zilizopita. Ukilijua hili mapema hutaandika sentensi ya kujiamini kuhusu kina ambacho hakuna aliyekipima.

Hatua ya 4: Pakua kipande chako tu

Jisajili bure kwenye Copernicus Marine, weka programu yao ya Python inayoitwa copernicusmarine, kisha andika hivi kwenye mstari mmoja:

copernicusmarine subset --dataset-id cmems_mod_glo_phy_my_0.083deg_P1D-m --variable thetao --minimum-longitude 39 --maximum-longitude 41 --minimum-latitude -8 --maximum-latitude -4.5 --minimum-depth 0 --maximum-depth 200 --start-datetime 1993-01-01 --end-datetime 2020-12-31

Joto ni thetao. Kwa chumvi utaomba so, kwa mikondo uo na vo, na kwa kimo cha bahari zos. Ukikata kipande hivi, hata intaneti ya simu inatosha. Ukikosea ukaomba dunia nzima, hutamaliza. Kumbuka kwamba kila thamani ni wastani wa siku ya saa ya dunia, kwa hiyo "siku" ya modeli huanza saa tisa usiku kwetu. Wastanisha loga zako kwa mpaka huo huo.

Hatua ya 5: Linganisha kabla ya kuchanganya

Chukua kisanduku cha maji kilicho karibu na mwamba wako, upande wa nje. Usichukue tu kile ambacho kompyuta inakuambia kiko karibu kuliko vyote, kwani mara nyingi hicho ni cha nchi kavu na kitakupa thamani tupu. Chora mistari miwili, modeli na loga, juu ya kalenda moja.

Utaona mambo matatu. Kwanza, majira yatakubaliana: joto la juu Machi na Aprili, la chini Agosti. Yasipokubaliana, rudi hatua ya 2. Pili, kutakuwa na pengo la kudumu, pengine loga iko juu kaskazi yote na chini kusi yote, kwa sababu maji ya mwambani ni mafupi na huitikia hewa upesi. Tatu, kutakuwa na siku ambazo loga inaruka na modeli imetulia. Modeli hii haina maji kujaa na kupwa ndani yake, na loga inavihisi kila baada ya saa sita. Kwa hiyo fanyia kazi wastani wa wiki, ambamo mrukaruko huo umefifia.

Andika wastani wa tofauti na mtawanyiko wake, kaskazi peke yake na kusi peke yake. Namba hizo nne ndizo utakazozitumia kuanzia sasa.

Hatua ya 6: Oanisha, kwanza kwa kalamu

Nataka ufanye hesabu hii kwa mkono mara moja kabla ya kuiachia kompyuta. Namba ni za mfano.

Tuseme wiki fulani modeli inasema 29.0, na kutokana na hatua ya 5 unajua kosa lake la kawaida ni 0.6 baada ya kuondoa pengo la kudumu. Loga inasema 30.1, na kosa lake ni 0.2. Uzito wa kipimo ni kosa la modeli kwa kipeo cha pili, ukigawanya kwa jumla ya makosa yote mawili kwa kipeo cha pili: 0.36 kwa 0.40, yaani 0.9. Tofauti ni 1.1. Zidisha kwa 0.9, ongeza kwenye 29.0, unapata 29.99. Kipimo kimeshinda karibu kabisa.

Sasa simama. Loga ni sahihi kwa nyuzi 0.2 pale ilipofungwa, kwenye jiwe moja. Swali lako ni la bahari ya kilomita 9. Hata loga isiyo na kosa hata kidogo ingetofautiana na wastani wa kisanduku kizima, kwa sababu jiwe si kisanduku. Tofauti hiyo nayo lazima ihesabiwe upande wa kipimo. Kama una loga mbili au tatu zilizoachana kilomita kadhaa, mtawanyiko kati yao unakupa makisio yake. Tuseme ni 0.5. Sasa kosa la kipimo kwa kipeo cha pili ni 0.04 na 0.25, jumla 0.29. Uzito ni 0.36 kwa 0.65, yaani 0.55. Jibu linakuwa 29.6, na kosa lililobaki ni 0.4. Umepoteza zaidi ya theluthi ya ile imani uliyokuwa nayo kwenye loga, na jibu lako limekuwa bora. Hii ndiyo ile bildi iliyoangukia shimo. Wengi hulisahau kosa hili la jiwe na kisanduku, na ramani zao hujaa madoa ya moto kila palipo na kifaa.

Kisha sambaza sahihisho kwa majirani. Ukikuta kwamba kisanduku kilicho kilomita 20 kusini kinapanda na kushuka pamoja na chako kwa uwiano wa 0.8, nacho kisogeze kwa 0.8 ya sahihisho, yaani 0.5 hivi. Uwiano huo uhesabu kutoka kwenye modeli yenyewe, ukiwa umeondoa majira kwanza, la sivyo kila kisanduku kitaonekana ndugu wa kila kisanduku kwa sababu tu vyote hupata joto Machi. Utaona uhusiano unarefuka kando ya pwani, kufuata mkondo, na kufupika ukielekea baharini. Usilazimishe mviringo. Kwenda chini, ishia pale linapoishia tabaka la juu lililochanganyika, yaani maji yanayokorogwa na upepo mpaka joto lake linakaribia kuwa moja. Uso ukiwa na joto zaidi haimaanishi kwamba maji ya chini ya tabaka hilo nayo yana joto zaidi, na siku nyingine ni kinyume.

Ukiwa na loga nyingi, hesabu hii hugeuka matriki, na numpy, maktaba ya hesabu ya Python, itaimaliza kwa mistari kumi. Vituo vikubwa hufanya jambo hili hili kwa mamilioni ya vipimo, huku modeli ikiendelea kukimbia baada ya kila sahihisho, na mbinu nyingine husahihisha hata mwanzo wa safari ili njia nzima ikubaliane na vipimo. Fikra ni moja.

Onyo moja tu: kipimo ambacho tayari kimo ndani ya uchambuzi-rejea usikiingize mara ya pili. Joto la setilaiti na maboya ya Argo vimo. Loga za mwambani kwa kawaida hazimo, na ndiyo sababu zina thamani kubwa namna hii.

Hatua ya 7: Rudi nyuma mpaka 1998

Mpaka hapa umeoanisha miaka yenye loga. Mwaka 1998 hauna. Unachoweza kubeba kwenda huko ni uhusiano.

Chora joto la modeli kwenye mhimili wa chini na la loga kwenye mhimili wa wima, wiki kwa wiki, miezi ya Januari hadi Juni. Pitisha mstari. Mstari huo ndio unaotafsiri lugha ya kisanduku kwenda lugha ya mwamba. Utumie kwa joto la modeli la 1998, na mtawanyiko wa nukta kuuzunguka mstari ndio shaka yako.

Jiulize kama miaka yako ya loga ina joto la kutosha. Ukijifunza kwenye misimu ya kawaida kisha ukaupeleka mstari kwenye mwaka ulio moto kuliko yote uliyoiona, unatembea gizani. Mwenye loga za 2016 au 2024, miaka ambayo matumbawe yalipauka tena, ana hazina. Kama unazo, usizifiche kwenye droo. Washirikishe wenzako wa visiwa vingine.

Kutoka kwenye mfululizo huu unaweza kukokotoa mzigo wa joto kwa matumbawe kwa mtindo wa NOAA, shirika la Marekani la bahari na anga. Tafuta wastani wa mwezi wenye joto kuliko yote katika miaka ya kawaida. Kila wiki iliyozidi hapo kwa nyuzi 1 au zaidi, jumlisha ziada yake, kwa wiki 12 zilizotangulia. Jumla ikifika 4, upaukaji mkubwa unatarajiwa. Ikifika 8, vifo vya matumbawe. Ule wastani wa mwezi wa joto lazima utoke kwenye mfululizo wako huo huo. Ukiazima wastani wa setilaiti na kuutumia kwa joto la modeli, pengo dogo la nusu nyuzi litakuzulia maafa ambayo hayakutokea, au litayafuta yaliyotokea.

Hatua ya 8: Toa kile ulichokificha

Sasa chukua ule msimu wa kaskazi ambao hukuugusa. Jenga upya joto lake kama ulivyofanya kwa 1998, kisha ndipo ufungue faili ya loga na kulinganisha. Uwe msimu mzima. Ukificha siku moja moja, jana na kesho zitaivujisha siri ya leo, na utajiona hodari bure.

Nukta zikitoka nje ya mipaka ya shaka uliyotangaza mara nyingi kuliko ulivyotegemea, panua shaka. Usirekebishe mstari mpaka ukubaliane, maana ukishafanya hivyo huna tena kilichofichwa.

Upo ushahidi mwingine wa nje. Kipimo cha kimo cha maji bandarini Zanzibar kimekuwa kikirekodi tangu mwaka 1984, na Mombasa nako kipo. Linganisha wastani wa mwezi wa kimo hicho na zos ya modeli nje ya pwani. Sifuri zao hazifanani, kwa hiyo toa wastani wa miaka mingi kutoka kila upande na ulinganishe kupanda na kushuka tu. Maji ya moto hutanuka. Kama modeli inasema bahari ilijaa joto mwishoni mwa 1997 na mwanzoni mwa 1998, kimo bandarini kinapaswa kuitikia.

Na kuna wazee. Nilimwendea mvuvi mmoja wa pwani ya mashariki nikiwa na grafu yangu mfukoni, bila kumwonyesha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nauliza ule mwaka mwamba ulipogeuka mweupe. Unakumbuka ilikuwa lini?"

Alifikiri. "Ni mwaka ule wa mvua za Elinino. Mvua zilishapita, kaskazi inalegea. Idi ya kuchinja ilikuwa bado, lakini tulikuwa tunaisubiri."

Idi hiyo ya mwaka 1998 iliangukia mwanzoni mwa Aprili. Kwa hiyo mzee alikuwa akisema mwishoni mwa Machi, bila kuwa na kalenda mbele yake. Usiwaulize wazee tarehe. Waulize upepo, mfungo, sikukuu na mavuno, kisha utafute tarehe mwenyewe. Kumbukumbu haina nyuzi za Selsiasi, lakini inaweza kukuambia kwamba kilele chako kimekosea mwezi.

Hatua ya 9: Tafuta mishono

Chora mfululizo wote tangu 1993 na utazame miaka ambayo vyombo vipya viliingia. Ukiona joto la mita 100 au 150 linapanda au kushuka ghafla katika ile miaka ambayo Argo ilikuwa ikienea, usikimbilie kusema tabianchi imebadilika. Huenda ni modeli iliyokuwa ikielea peke yake, na sasa imeshikwa mkono. Linganisha GLORYS12 na ORAS5 kwa kina hicho. Zikiachana kabla ya Argo na kukutana baada yake, umeuona mshono. Joto la uso halina tatizo hili kwa kiasi hicho hicho, na hiyo ni sababu nyingine ya kuweka swali la 1998 kwenye mita 20 za juu.

Kuhusu chumvi niwe wazi. Mvua za 1997 na 1998 zilileta mafuriko makubwa Kenya na Tanzania, na mtu wa Mafia atataka kujua maji ya Rufiji yalifika wapi. Modeli nyingi za dunia hupewa maji ya mito kwa wastani wa miaka mingi, kwa hiyo mafuriko ya mwaka mmoja hayamo. Kwa chumvi ya karibu na mdomo wa Rufiji, mimi situmii uchambuzi-rejea wa dunia kabisa.

Hatua ya 10: Hifadhi pamoja na shaka yake

Faili yako ya mwisho iwe na safu tatu kwa kila wiki: joto, kosa, na idadi ya vipimo vilivyochangia. Wiki za 1998 zitakuwa na sifuri kwenye safu ya tatu, na ziachwe hivyo hivyo, mtu mwingine azione. Ndani ya faili andika ni toleo gani la uchambuzi-rejea ulilotumia na siku uliyolipakua, kwa sababu vituo hutoa matoleo mapya. Andika mahali pa kila loga, kina chake, namba zake mbili za barafu, na saa zilibadilishwaje. Andika ni msimu upi uliofichwa.

Madaftari ya karatasi yapige picha ukurasa kwa ukurasa, pamoja na majalada, na picha ziwekwe faili moja na namba. Siku ukipata loga ya zamani kwa mtu, ya 1997 au 1998, iliyosahaulika kwenye sanduku la vyombo vya kuzamia, rudi hatua ya 2 nayo, uanze na saa.